Mfumo tumeuona, sasa kitufe cha Excel kiko wapi?

Mwaka juzi nilifunga mfumo wa mauzo kwenye duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi pale Gerezani, Dar es Salaam. Siku ya kuuonyesha nilikuwa nimejiandaa. Dashibodi, ile skrini ya muhtasari, ina rangi, mauzo ya siku yanapanda yenyewe kila keshia akitoa risiti, mzigo ukikaribia kuisha stoo inawaka alama nyekundu. Mwenye duka akatabasamu, vijana wa kaunta wakatabasamu. Mhasibu, mama wa makamo aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka hilo tangu enzi za kaunta buku, alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, kisha akauliza swali moja tu.

"Vizuri, mwanangu. Sasa kitufe cha Excel kiko wapi?"

Aliyewahi kutengeneza mfumo wowote wa biashara anaijua siku hiyo. Umekesha miezi ukipanga ripoti, na mtu wa kwanza kuziona anauliza jinsi ya kuzitoa nje. Siku ile nililichukulia kama tusi dogo. Nilijiambia hajazoea, nikampangia mafunzo. Baadaye nikajiambia labda kuna ripoti inakosekana, nikaongeza sita. Alizisifia zote sita na akaendelea kupakua faili.

Nilichokuja kuelewa, kwa kuchelewa, ni kwamba "naomba Excel" ni neno moja lililobeba haja kadhaa zisizofanana. Anayeomba mwenyewe mara nyingi hazitenganishi, kwa sababu kwake zote zinatatuliwa na kitufe kilekile. Anayetengeneza mfumo ndiye anayepaswa kuzitenganisha, la sivyo ataongeza ripoti hadi azeeke.

Meza ya mhasibu

Niliomba kukaa naye siku ya kufunga hesabu za Julai. Alifungua faili aliyoipakua kutoka kwenye mfumo wangu, kila mstari risiti moja. Akafungua ya pili, taarifa ya miamala ya lipa namba, ile namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu. Ya tatu ilikuwa taarifa ya benki. Akaziweka zote ndani ya kitabu kimoja cha Excel, karatasi tatu, halafu akaongeza ya nne, tupu. Hapo akaandika fomula ya VLOOKUP bila hata kutazama kibodi: chukua namba ya muamala iliyo kwenye risiti, itafute kwenye taarifa ya lipa namba, ukiipata niletee kiasi. Ikipatikana, tunasonga. Isipopatikana, seli inaandika #N/A, na hapo ndipo kazi yake inapoanza.

Alikuwa na rangi zake. Njano, pesa imeingia lakini keshia hakuikatia risiti. Nyekundu, risiti ipo lakini pesa haijaonekana popote. Pembeni kabisa kulikuwa na safu aliyoiita "Maelezo", na humo niliona mambo ambayo hakuna mfumo niliowahi kuutengeneza uliokuwa na mahali pa kuyaweka. "Keshia kaandika herufi O badala ya sifuri." "Kalipa kwa simu ya mkewe." "Fundi wa Mbagala, bosi kakubali Ijumaa." "Usimpigie, yuko msibani."

Mfumo wangu ulijua mauzo. Lipa namba ilijua pesa za simu. Benki ilijua salio. Aliyejua kwamba mistari mitatu kwenye mifumo mitatu ni tukio moja, yule fundi na mabati yake ishirini, ni mama huyu peke yake, na mahali pekee alipoweza kuuandika ujuzi huo ni ile karatasi ya nne.

Hiyo ndiyo haja ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote: kuvuka mpaka. Kila mfumo ni mfalme ndani ya ua wake. Ukitaka wafalme wawili wazungumze moja kwa moja, inawezekana, lakini unahitaji mkataba na kampuni ya simu, vibali, ada, mtu wa kuandika programu ya kuwaunganisha, na mtu wa kuirekebisha kila upande mmoja unapobadilisha kitu. Kwa duka lenye makeshia watatu hiyo ni miezi. Faili ni dakika kumi.

Jedwali la mistari na safu limekuwa kwa mifumo kile ambacho Kiswahili kilikuwa kwenye misafara ya biashara: kila mmoja ana lugha ya kwao, lakini sokoni kuna inayoeleweka na wote. Hata historia zake zinafanana kidogo. Faili za CSV, zile ambazo kila thamani inatenganishwa na nyingine kwa mkato, zilitumika kwa miongo kabla mtu hajakaa kuziandikia maelezo ya pamoja mwaka 2005. Wasemaji walitangulia, sarufi ikafuata.

Kilichotokea, na kinachoweza kutokea

Haja ya pili imo ndani ya asili yenyewe ya lahajedwali, yaani programu za aina ya Excel. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard, Marekani. Darasani alimwona mwalimu akichora jedwali la hesabu ubaoni, na kila namba moja ilipobadilika ilibidi kufuta na kuandika upya nyingine zote zilizoitegemea. Yeye na mwenzake Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Ukibadilisha namba moja, zilizobaki zinajirekebisha zenyewe. Watu walinunua kompyuta nzima ili tu waipate programu hiyo. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, mwaka 1985 ikaja Excel, kwanza kwenye Macintosh.

Tazama tatizo lililokuwa likitatuliwa. Si kutunza kumbukumbu. Ni kuuliza "ikiwa je?" Nondo zikipanda kwa asilimia 8 na sisi tukapandisha bei kwa asilimia 5 tu, tunabaki na nini? Tukiacha kuwakopesha mafundi kwa mwezi mmoja, pesa ya kuagiza kontena inatosha?

Mfumo wa biashara hauwezi kuulizwa hivyo, na kwa haki yake. Umejengwa kulinda kilichotokea. Ukitaka kubadilisha bei ya risiti ya jana unakukatalia, au unadai nywila ya meneja, na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Lakini mwenye duka hafanyi uamuzi kuhusu jana. Anahitaji nakala ya jana anayoweza kuichezea bila kuiharibu ya kweli, na hakuna ripoti itakayompa hiyo, hata ukiipamba vipi. Excel ni uwanja wa mazoezi. Mechi inachezwa kwingine.

Namba isiyo na njia

Siku ileile ya kufunga Julai, dashibodi yangu ilisema mauzo ya mwezi ni shilingi 141,350,000. Yake ilisema 142,370,000. Tofauti 1,020,000. Nilisema mara moja, kwa kujiamini kupita kiasi, kwamba fomula yake ina kosa.

Alinyamaza, akachuja, akapanga, na ndani ya robo saa akaipata ile tofauti. Mifuko 60 ya saruji, kila mmoja shilingi 17,000, iliuzwa tarehe 30 Juni ikarudishwa tarehe 2 Julai. Mfumo wangu unatoa bidhaa zilizorudishwa kwenye mwezi ziliporudi. Yeye anazitoa kwenye mwezi zilipouzwa. Hakuna aliyekosea. Kulikuwa na maana mbili za neno "mauzo" ndani ya duka moja, na mimi nilikuwa nimechagua moja usiku fulani, peke yangu, bila kumuuliza yeyote, kisha nikaifunika kwa kisanduku kizuri chenye kona za mviringo.

Kwenye Excel ukibonyeza seli unaona fomula, ukifuata fomula unafika kwenye mistari, ukihesabu mistari unafika kwenye risiti. Kila namba ina njia ya kurudi nyumbani. Kwenye dashibodi namba inashuka kutoka mbinguni. Mhasibu, ambaye jina lake ndilo litakaloandikwa chini ya hesabu, hawezi kusaini kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Mkaguzi wa hesabu naye akija hataki jumla. Anataka orodha nzima ya miamala ili achague mwenyewe ipi ya kuifuatilia hadi kwenye karatasi.

(Kesi ya namna hii niliyoipenda zaidi ilikuwa kwenye duka la dawa linalofanya kazi usiku kucha. Jumla ya kila siku haikulingana na droo, tofauti ndogo ndogo, leo inazidi, kesho inapungua. Kumbe seva ilikuwa inahesabu siku kwa saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Dawa iliyouzwa saa saba usiku kuamkia Agosti 1 ilihesabiwa Julai. Aliyegundua ni kijana wa zamu ya usiku, kwenye Excel, kwa kupanga mauzo kwa saa.)

Hiyo ndiyo haja ya tatu: mtu anapopakua faili mara nyingi anakukagua tu, kimyakimya. Ukimnyima kitufe hujamfanya akuamini; umemnyima njia ya kukuamini.

Haja ya nne sitaikalia sana kwa sababu kila mtu anaijua: aliye upande wa pili anataka faili. Benki ikitaka kukukopesha inaomba mauzo ya miezi kadhaa "kwa soft copy". Bosi anataka iwe kwenye fomu aliyoizoea, nembo juu, jumla chini. Serikali pia. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, mwajiri anayewasilisha PAYE, kodi ya mishahara, kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kabla tarehe 9 haijapita amekuwa akipakua fomu ya P10, ambayo yenyewe ni faili ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani yake. Anaijaza, anabonyeza kitufe cha kuihakiki, inamtengenezea faili ya zip ya kupandisha. Mamlaka ya kodi ikishaongea Kiexcel, mfumo wako wa mishahara utajibu kwa lugha gani nyingine?

Droo ya chini

Kuna haja nyingine ambayo watu hawaisemi wazi, maana ukiisema unaonekana humwamini aliyekaa mbele yako.

Kaunta buku la kwaya tatu lilikuwa linakaa kwenye droo ya mwenye duka. Aliyeliandikia aliweza kuacha kazi, umeme uliweza kukatika, duka liliweza kuhama mtaa, kitabu kilibaki. Leo hesabu zake ziko kwenye seva asiyojua iko nchi gani, analipia kila mwezi, na siku asipolipa anaona ukurasa mmoja tu, ule wa kulipa. Anapoomba Excel kila mwisho wa mwezi wakati hata haifungui, anachofanya ni kurudisha kitabu kwenye droo.

Sheria zimeanza kuielewa hofu hii, angalau kwa taarifa za watu binafsi: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupewa data zake katika muundo unaosomeka na mashine na kuzihamishia kwingine. Lakini duka halingoji sheria. Kuna watengenezaji wanaoficha kitufe hiki makusudi, au wanakiweka kwenye kifurushi cha bei ya juu, ili mteja asiweze kuhama. Nimeshawahi kushauriwa nifanye hivyo. Ni ujanja wa muda mfupi, na wateja wanaunusa mapema kuliko tunavyodhani. Mfumo usio na mlango wa kutokea, watu hawaingizi vitu vyao vya thamani.

Ila huko nje kuna mbwa

Nisije nikaonekana nahubiri Excel. Data ikishatoka getini haina tena mlinzi, na Excel ina tabia ya kusaidia bila kuombwa.

Chukua namba ya simu, 0712 na kuendelea. Ukifungua faili ya CSV moja kwa moja, Excel inaiona kama namba, na namba haianzi na sifuri, kwa hiyo inaifuta. Hiyo bado inarekebishika. Isiyorekebishika ni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Excel inashika tarakimu 15 tu kwa usahihi. Kama mfumo umeihifadhi bila vistari vyake, faili ikifunguliwa inageuka kitu kama 1.99E+19, na ukishahifadhi, tarakimu tano za mwisho zimekuwa sifuri moja kwa moja. Watu wawili wenye tarakimu 15 za mwanzo zinazofanana wamekuwa mtu mmoja. Nimewahi kuona orodha ya wakopaji yenye sifuri tano mwishoni mwa kila mstari, na afisa aliyedhani ndivyo NIDA wanavyoziandika.

Wakubwa nao wameumwa. Septemba na Oktoba 2020 huko Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye takwimu za kila siku, na watu waliokutana nao wakachelewa kufuatiliwa. Majibu ya maabara yaliingia kama CSV, yakamiminwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Mgonjwa mmoja alichukua mistari kadhaa. Iliyozidi ikadondoka bila kelele. Na wanasayansi wa jeni walichoka hadi wakasalimu amri: mwaka 2020 jeni iliyoitwa MARCH1 ilibadilishwa jina ikawa MARCHF1, kwa kuwa Excel haikukoma kuigeuza tarehe ya mwezi Machi. Binadamu wamebadilisha majina ya jeni zao kwa sababu ya programu ya hesabu.

Halafu kuna usiri. Faili la wateja elfu tatu likishakuwa kwenye flashi, au kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, nani ataliita lirudi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, haitofautishi kama taarifa zimevuja kupitia mdukuzi au kupitia mfanyakazi aliyekuwa anawahi basi.

Hatari hizi ndizo zinazowafanya wakuu wa TEHAMA wengi kusema kitufe kiondolewe. Nimeona kilipoondolewa. Ndani ya wiki mbili watu walikuwa wakiburuta kipanya juu ya skrini, wakinakili ukurasa baada ya ukurasa, na makosa yakawa mengi kuliko mwanzo, safari hii bila kumbukumbu yoyote ya nani kachukua nini.

Tulichofanya Gerezani

Kwanza, nilianza kuuliza kabla ya kuongeza kitu: ukishaipata hii faili, kitu cha kwanza unachokifanya ni nini? Akisema "naituma kwa bosi", huyo anahitaji ripoti inayojituma yenyewe. Akisema "naweka pamoja na ya benki", hapo kuna ukurasa unaokosekana. Akisema "naiangalia tu", anakukagua, mwonyeshe njia ya namba. Akisita kidogo na kusema "basi tu, niwe nayo", mpe na usimuulize zaidi.

Pili, niliifanya faili yenyewe kuwa ya kiungwana. Mtu akichuja Julai na tawi moja kwenye skrini, apate Julai na tawi moja, si kila kitu tangu duka lifunguliwe. Mstari mmoja, risiti moja. Hakuna nembo juu wala seli zilizounganishwa. Urembo huo ndio unaovunja fomula za watu. Namba za simu na za vitambulisho zitoke kama maandishi. Tarehe ziandikwe mwaka kwanza, 2024-07-31, kwa sababu 3/4 kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani ni Machi 4. Na kila anayepakua, mfumo uandike jina lake, saa, na alichokichukua.

Rekodi hiyo ya upakuaji, niliyoiweka kwa ajili ya usalama, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ukiona mtu mmoja anachukua faili ileile tarehe 2 ya kila mwezi, pale pana kazi ambayo mfumo wako hauijui.

Kwa mama wa Gerezani nilijenga ukurasa wa kulinganisha: anapandisha taarifa ya lipa namba na ya benki, mfumo unalinganisha namba za muamala, unamletea njano na nyekundu zake, hata O na sifuri unazishtukia wenyewe. Na safu ya Maelezo, huru, aandike anachotaka. Kazi iliyokuwa ikimchukua siku mbili ikawa ya asubuhi moja. Alifurahi waziwazi, akaniagizia chai na chapati mbili.

Kisha akabonyeza kitufe cha Excel kilicho juu ya ukurasa huohuo mpya. Faili ikashuka. Akaifungua, akaikagua safu moja moja kwa kidole, akafika kwenye Maelezo, akavua miwani.

"Hii naomba uihamishe, mwanangu. Kwenye yangu ni ya mwisho. Ukiiweka hapa katikati, fomula zangu zote zinasogea."